Sipandi Meli kwa Kubebwa

Jibu la kwanza nililopewa na ofisi ya meli lilikuwa la upendo mtupu.

"Karibu sana mama, usiwe na wasiwasi wowote. Vijana wapo, tutakubeba."

Nilikuwa barazani kwangu Morogoro, simu sikioni, ukungu umeshuka mpaka nusu ya mlima. Nikamshukuru dada yule wa ofisini, kisha nikamweleza kwamba sikupiga simu kuuliza kama nitabebwa. Nilipiga kuuliza upana wa milango.

"Milango ni ya kawaida tu, mama."

Nimefundisha jiografia sekondari miaka mingi. Jibu la mwanafunzi ambaye hajafungua daftari nalijua likianza tu.

Meli yenyewe ilikuwa ndogo, ya matembezi. Inatoka Dar es Salaam, inazunguka Unguja na Pemba, abiria wanalala humohumo, kisha inarudi. Tangazo lake aliniletea mdogo wangu kwenye simu yake, akiwa ametoka sokoni anakouza mdalasini na iliki za Kinole. Alisema anataka kwenda kuona karafuu za Pemba ahakikishe kama kweli wanatuzidi. Lakini nilijua alichotaka ni kupumzika. Tangu mabega yangu yaliposhindwa kazi, yeye ndiye aliyekuwa mikono yangu, na sijawahi kumwona ameketi bila kitu cha kuchambua mapajani. Mimi nami nilikuwa na hamu yangu. Nimechora bahari ubaoni mara nyingi kuliko ninavyoweza kukumbuka, na sikuwahi kuwa juu yake hata siku moja.

Basi tukakubaliana kwenda. Nikaweka sharti moja tu: nitaingia melini juu ya magurudumu yangu mwenyewe, au siingii.

Naomba nieleze sharti hili, maana watu wengi wema hawalielewi. Nilipata polio nikiwa mdogo, nyumbani Matombo. Shule ilikuwa ng'ambo ya bonde, na mjomba wangu, kaka wa mama, alinibeba mgongoni kwenda na kurudi mpaka nilipopewa magongo na masista wa misheni. Kwetu Waluguru mtoto ni wa upande wa mama, na mjomba ndiye mwenye neno juu yake. Mjomba wangu neno lake lilikuwa mgongo wake. Sikumbuki kitu kizuri utotoni kuliko harufu ya shati lake.

Lakini mtoto anayebebwa na mjomba wake si sawa na mwanamke mzima anayebebwa na watu asiowajua. Ukibebwa, watu huzungumza juu ya kichwa chako. "Mshike hapo." "Mguu huo, mguu huo!" Nguo inapanda, wewe unatabasamu ili wasione aibu. Wakikuweka mahali, hapo ndipo utakapokaa, kwa sababu kiti chako kimepelekwa kwenye mizigo na aliyekipeleka ameenda kula. Kuanzia hapo kila kitu ni ombi: kwenda msalani, kuangalia dirishani, kuhama jua.

Kiti mwendo changu ni cha umeme. Nilikipata baada ya miaka ya magongo na miaka ya kusukuma magurudumu kwa mikono, mabega yalipokwisha. Kina kijiti kidogo cha kuongozea, betri mbili chini ya makalio, na uzito ambao wanaume wanne wakiuinua husitisha mazungumzo. Nikiwa juu yake nakwenda ninakotaka. Nikitolewa, mimi ni mzigo. Ndiyo maana sikuwa nauliza habari za vijana.

Niliona kwamba dada wa ofisini hatatafuta futikamba. Basi nikakata kipande cha kamba ya katani, nikaifunga mafundo mawili. Kutoka mwanzo hadi fundo la kwanza ni upana wa kiti changu pamoja na nafasi ya vidole vyangu pande zote. Hadi fundo la pili ni nafasi kinayohitaji ili kigeuke bila kugonga kitu. Nikaiviringisha, nikaitia kwenye bahasha, nikaituma kwa basi kama kifurushi.

Akapiga simu kesho yake.

"Mama, mbona umetutumia kamba?"

"Ipitishe kwenye kila mlango nitakaopita. Fundo la kwanza likigusa ukuta, nipigie."

Akacheka sana. Lakini alikwenda, akafungua video, akatembea melini huku mimi nikimwelekeza kutoka Morogoro. Mlango wa kwanza ulipita. Ukumbi wa chakula ulipita. Chumba tulichokuwa tumepangiwa, choo chake kilikataa kabisa. Fundo lilikunjika kwenye fremu.

"Kuna chumba kingine," akasema, sauti imebadilika, sasa ni mtu anayetafuta. "Mlango wake mpana. Ila kiko karibu na injini, mama, kelele."

"Mwanangu, nimekaa katikati ya mashine ya kukoboa na baa. Mimi na injini tutaelewana."

Kama nawe unatumia kiti na unafikiria safari, chukua hilo la kamba. Neno "kawaida" halina vipimo. Kamba inavyo, na anayeishika hawezi kukupa jibu la kukufurahisha tu.

Halafu betri. Walisikia betri wakafikiria tindikali inayomwagika. Nikawapigia picha za betri zangu, kavu, zimefungwa, na maandishi yake yakisomeka, nikaeleza taratibu mara ya kwanza, na taratibu vilevile mara ya tatu. Sikukasirika. Anayeuliza bado hajafunga mlango.

La mwisho lilikuwa mteremko. Pale gatini, kutoka nchi kavu unashuka kwa daraja la chuma mpaka kwenye jukwaa linaloelea, na kutoka jukwaani unaingia melini. Nikaomba picha ya daraja hilo, imepigwa kutoka ubavuni. Dada akanitumia. Nilifurahi. Ulikuwa mteremko mdogo, wa kistaarabu, ambao hapa kwetu hatuuiti hata mteremko. Nikachukua kiti na kwenda barabara inayopanda kuelekea Boma, nikatafuta sehemu iliyolala vilevile, nikaishuka na kuipanda mpaka wauza matunda wa pale wakaanza kuniuliza kama nimepoteza kitu. Sisi ni watu wa mlimani. Kwa mteremko, hakuna wa kutufundisha. Hivyo ndivyo nilivyojiambia.

Ikabaki kumwarifu mjomba. Huwezi kusafiri juu ya maji bila mjomba kujua. Ni mzee sasa, lakini alishuka mwenyewe kutoka Matombo na mkungu wa ndizi.

"Shikamoo mjomba."

"Marahaba. Nasikia unakwenda baharini."

"Ndiyo."

"Na hilo dude lako?"

"Na kiti changu, ndiyo."

Akakizunguka kiti kama mtu anayeuziwa ng'ombe. "Hili liache nyumbani. Nitakuja mimi. Bado nina mgongo."

"Mjomba, mgongo wako juzi ulikulaza siku nzima," mdogo wangu akasema.

"Nani kakwambia?"

"Shangazi, mkeo."

"Yule naye! Mgongo wangu, habari anatangaza yeye."

Tulicheka, lakini niliona uso wake. Nikamwambia aje kutusindikiza mpaka bandarini. Hakuniuliza tena kuhusu kiti.

Usiku wa kuamkia safari mwezi ulikuwa mpevu, umekaa juu ya mlima, na tuliusifu. Ukumbuke mwezi huo. Mimi niliusahau.

Tulipanda treni ya umeme asubuhi. Ina nafasi ya kiti, na niliingia bila mtu kunishika. Ngerengere ilipita dirishani mjomba akiwa amekumbatia kiroba chake asikubali kukiweka juu. Kutoka stesheni mpaka bandarini nilijiendesha mwenyewe kando ya barabara, mdogo wangu mbele na mabegi, mjomba nyuma na kiroba, akiwafokea wenye bodaboda wanipishe.

Tulipofika gatini nilisimama pale daraja linapoanzia, nikatazama chini.

Daraja lilikuwa lilelile, reli zilezile za rangi ya buluu. Lakini lilikuwa limening'inia kama njia ya kushukia mtoni kule kwetu, zile ambazo wakati wa mvua watu huzishuka kwa kukalia matako. Jukwaa lilikuwa chini kabisa, na meli pamoja nalo. Nikatoa simu, nikatazama picha. Nikatazama daraja. Kiti changu kingeteremka hapo kingenitupa mbele kabla sijafika katikati.

Msimamizi wa geti, kijana mtanashati mwenye redio begani, alikuwa ameshaona. "Usijali mama. Vijana wanne wanatosha. Kiti kitakuja nyuma na mizigo."

Nikasikia kiroba kikifunguliwa. Mjomba alitoa shuka zito lililokunjwa na kamba mbili. Nilizitambua hapohapo. Kule milimani, gari lisikofika, mgonjwa hushushwa hivyo: shuka linafungwa, wanaume wanashika pembe, na kila aliye njiani anasimama na kuuliza kwa sauti ndogo, "Ni nani huyo?" Wakati mwingine ni mgonjwa. Wakati mwingine si mgonjwa tena.

"Nilijua," mjomba akasema, na hakusema kwa kunicheka. Alikuwa karibu kulia. "Nilijua watakushika vibaya. Mimi nitashika kichwani. Kama zamani."

Watu walikuwa wamesimama. Mmoja tayari ameinua simu anarekodi.

"Sipandi," nikasema.

"Mama, ni dakika moja tu," msimamizi akasema.

"Dada," mdogo wangu akaninong'oneza, "fumba macho tu. Dakika moja. Tumetoka mbali."

Hilo ndilo lililoniuma. Nilimtazama, na kitambaa chake kipya cha kichwani alichokinunua kwa ajili ya upepo wa baharini. Nikamwambia, "Wewe nenda. Chumba kipo, chakula kipo. Nitakusubiri Morogoro, utanisimulia hizo karafuu."

Akaweka mabegi chini. Akakaa juu yake. "Basi na mimi sipandi. Nilale na injini peke yangu kwa kosa gani?"

Nikasogeza kiti kando ya geti ili abiria wengine wapite, nikazima. Sikuwa na mpango. Nilikuwa na hasira tu, hasira kwa yule dada wa picha, kwa daraja, na kwa nafsi yangu. Nikawa natazama nguzo za zege zinazoshikilia gati, kwa kuwa sikutaka kutazama uso wa mtu. Nguzo zilikuwa kavu juu. Chini ya hapo kulikuwa na mstari, na kuanzia kwenye mstari zilikuwa nyeusi, zimelowa, zimejaa chaza waliogandamana. Chaza walikuwa juu ya maji. Juu sana, kuliko mtu mrefu.

Nikawaza: chaza haishi hewani.

Halafu nikaanza kucheka, mdogo wangu akadhani nimechanganyikiwa. Nilikuwa nimeliona somo langu mwenyewe. Mwezi, dunia, jua, mishale ya chaki. "Mwezi ukiwa mpevu maji hujaa zaidi na kupwa zaidi, andikeni." Darasa baada ya darasa wameandika. Nami nikaenda kujifunza mteremko wa bahari kwenye barabara ya Boma, ambayo tangu ilipochongwa haijawahi kupanda wala kushuka. Mtoto wa pwani asingekosea hivyo.

"Mwanangu," nikamwita msimamizi. "Maji yamekupwa, siyo?"

"Sana mama. Leo bamvua. Yanatoka sana, yanarudi sana."

"Yakijaa, daraja hili linakuwaje?"

Akafikiri. "Linanyooka. Unaweza kuviringisha chungwa lisifike mbali."

"Yanajaa lini?"

"Alasiri."

"Na meli inaondoka lini?"

"Alasiri. Huwa tunayafuata maji." Akaona ninakokwenda, akatikisa kichwa. "Lakini geti la abiria linafungwa saa saba, mama. Ndio utaratibu. Saa saba daraja litakuwa bado."

"Nitasubiri hapa."

"Nitafunga mama, usinilaumu."

"Sitakulaumu. Utanifungia nikiwa hapahapa, nikikutazama."

Abiria waliingia mpaka wakaisha. Jua likawa kali, mdogo wangu akanifunika kwa kitambaa chake kipya. Wale vijana wanne waliondoka mmoja mmoja. Mjomba alikuwa bado ameshika shuka lake, hajui aliweke wapi.

"Umenikataa," akasema hatimaye.

"Sijakukataa mjomba. Nimekataa shuka."

"Ni kitu kimoja."

"Si kimoja. Ulinibeba nikafika shule. Nilipofika nikasoma, nikawa mtu wa kwenda mwenyewe. Sasa wewe unataka kunirudisha mgongoni, kazi yako yote ipotee?"

Alilitazama daraja. Kisha akavua viatu, akaanza kulishuka. Mjomba wangu amelima maisha yake yote kwenye mashamba ambayo ukiangusha boga huliokoti tena. Alishuka mpaka chini, akageuka, akapanda, nyayo zikipima chuma.

"Bado," akaniambia alipofika juu. "Hapa mbuzi mwenyewe anashika ukuta."

Msimamizi alimpigia kelele kwamba haruhusiwi. Mjomba akamwambia, "Napima njia ya mtoto wangu," akavaa viatu, akakaa. Baada ya muda akavua tena. Akashuka, akapanda. "Bado. Lakini limeanza kusikia."

Saa saba ikafika, na msimamizi akaja na mnyororo wa geti. Alikuwa kijana mzuri, uso wake ulikuwa na dhiki. Wakati huohuo wakapita wapakiaji wawili na kreti za soda, wakaingia darajani wakiegemea nyuma, kuelekea melini.

"Samahani," nikasema. "Hizo soda zinapanda mpaka saa ngapi?"

"Vinywaji? Mpaka karibu tunaondoka. Na barafu."

"Ina maana daraja halitolewi."

"Halitolewi, ila..."

"Basi soda inasubiriwa, na barafu inasubiriwa. Mimi nimelipa nauli. Soda imelipa?"

Mpakiaji mmoja akaangua kicheko kiasi cha kutikisa kreti. "Bosi, hapo mama kakufunga!" Hata msimamizi alishindwa kuzuia mdomo wake. Akasogea pembeni, akaongea na redio, akamtaja nahodha, akasikiliza, akaongea tena. Aliporudi aliuacha mnyororo ukining'inia upande mmoja.

"Nahodha anasema barafu ikiingia ya mwisho, na wewe ndiyo mwisho. Ikipita hapo tunatoa kamba za meli."

"Mwambie nashukuru."

Basi tukasubiri barafu. Sijawahi kuombea gari kuchelewa namna ile. Kwenye nguzo, chaza waliokuwa hewani walianza kufunikwa, safu kwa safu, na daraja likawa linainuka polepole mno hata ukilikodolea macho huoni. Unaangalia pembeni, ukirudisha macho limehama. Nimeifundisha hiyo kwa chaki. Sikujua kwamba inatoa sauti, kama mtu anayekunywa chai ya moto.

Gari la barafu lilifika. Wapakiaji walipoanza, mjomba alivua viatu mara ya mwisho. Safari hii hakushika reli. Alishuka kama mtu anayekwenda kuchota maji, akarudi, akasimama mbele yangu.

"Sasa," akasema.

Nikawasha kiti. Nikakiweka mwendo wa chini kabisa, nikaegemeza mgongo, nikaingia. Chuma kililia chini ya magurudumu. Mjomba alitangulia akirudi kinyumenyume, mikono ameiweka nyuma yake, ameishikanisha mwenyewe ili isinyooke kunishika. Niliiona hiyo. Mdogo wangu alikuja nyuma yangu na mabegi. Mteremko ulikuwa mkali kidogo kuliko wa Boma, lakini ulikuwa wa lugha niijuayo, na kiti kilishuka kikinung'unika mpaka chini.

Pale daraja linapokutana na jukwaa palikuwa na ukingo wa bati, umeinuka. Kamba yangu haikuuliza habari zake. Gurudumu la mbele likagonga, likagoma.

Mjomba alilitazama gurudumu, akanitazama mimi. Kisha akalitoa shuka begani, akalikunja mara nyingi, akalichomeka mbele ya ukingo, akalikanyaga kwa miguu yote miwili ili lisiteleze.

"Na hii hairuhusiwi?" akauliza.

"Hii inaruhusiwa."

Kiti kikapanda juu ya shuka, kikavuka bati, na kutoka jukwaani mlango wa meli ulikuwa usawa na magurudumu yangu. Dada wa ofisini alikuwa amesimama hapo ndani na kamba ya katani mkononi. Fundo la kwanza lilipita. Nikapita.

Wasindikizaji wakatakiwa kurudi juu gatini. Mjomba alilikung'uta shuka, akamrushia mdogo wangu. "Kaeni nalo. Nasikia huko usiku kuna baridi." Akapanda daraja taratibu, viatu mkononi, wakatoa kamba. Nami nilikwenda mwenyewe, bila kumwomba mtu, kutoka mlangoni mpaka ukumbini, kutoka ukumbini mpaka kwenye reli ya nyuma, ili nimpungie mkono.

Alikuwa amesimama kando ya msimamizi wa geti, wanaongea kama watu waliojuana zamani. Aliponiona akaweka viganja mdomoni.

"Siku ya kurudi," akapaza sauti, "nimemuuliza huyu! Anasema maji yatakuwa mabaya asubuhi! Usitoke humo mpaka nije nipime!"